Mbwa Aliyejua Mkono Mmoja

Ndugu zangu, kaeni. Wenye watoto wachanga msihangaike kutoka nje, wakilia acha walie. Leo nina habari ya mtu na mbwa wake, na naomba msianze kutazamana, maana nawajua. Mbwa akitajwa kanisani watu hudhani mchungaji amekosa la kusema.

Palikuwa na mtu mmoja muuza mabati na misumari, katika mji mdogo wa milimani, huko ambako mvua huja bila kubisha hodi. Alikuwa na mke, na binti mmoja wa miaka sita aliyeitwa Subilaga. Hakuwa mtu mbaya. Hilo mlishike tangu sasa, kwa sababu tukisikia mwisho wake tutataka awe mbaya ili tuseme sisi si kama yeye. Alisomesha mtoto wake, na jirani akifiwa alipeleka mchele na kuni.

Siku moja walikwenda harusini yeye na nyumba yake. Waliporudi walikuta dirisha limeng'olewa. Televisheni hakuna, mtungi wa gesi hakuna, na mashuka yametumika kufungia vitu. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa mezani. Wezi walikula wali uliobaki, wakaacha sahani tatu na mifupa.

"Walikaa," akamwambia mkewe. "Walivuta viti wakakaa, kama wageni."

Tangu siku hiyo neno mgeni likaharibika moyoni mwake. Nani kati yenu hapa asingetafuta mbwa? Mimi ningetafuta.

Akaelekezwa kwa mama mmoja mjane, mfugaji wa mbwa, aliyekaa karibu na mashamba ya chai. Mama huyo alikuwa na watoto watatu wa mbwa wenye umri wa wiki tano, wako na mama yao juu ya magunia. Akamkaribisha, akamuuliza, "Baba, unamtakia kazi gani?"

"Kulinda."

"Kulinda nini?"

Akaona ni swali la ajabu. "Nyumba, mama."

Yule mama akachuchumaa, akanyoosha mkono mtupu mbele ya wale watoto. Mmoja akaurukia, akaanza kuutafuna. Wa pili akaja polepole, akaunusa, kisha akakaa. Wa tatu akajibana pembeni, akaonyesha meno.

"Mchukue huyu aliyenusa akakaa," mama akasema. "Huyu ametulia, na atafundishika. Yule wa pembeni usimwone anaonyesha meno ukadhani ni jasiri. Anaogopa. Mbwa mwenye woga huuma kwa kuwa haoni njia nyingine. Tena usimchukue leo. Rudi baada ya wiki tatu, wakiwa na wiki nane, wameachishwa kunyonya, wamefundishwa na mama yao kutouma ovyo. Ukifika naye kwako, mpeleke kwa bwana mifugo apate chanjo na dawa ya minyoo. Halafu umwache ashikwe. Mkeo amlishe, mtoto amlishe, jirani amshike kichwa, mgeni mwenye kofia, mgeni mwenye mwavuli, wote awazoee angali mdogo. Mbwa anayejua watu ndiye anayemtambua mwizi. Asiyejua watu, kwake kila mtu ni mwizi."

Yule mtu akatikisa kichwa. "Mama, nakuheshimu. Ila mimi sitafuti mbwa wa kuchezewa."

Akamchukua yule wa pembeni, siku hiyohiyo, ndani ya boksi la misumari.

Chanjo alimpa, tusimsingizie. Banda alimjengea zuri, la mbao na bati jipya. Chakula hakikukosekana. Jina akamwita Hapiti. Kisha akaweka sheria nyumbani kwake: hakuna atakayemlisha Hapiti ila mimi, hakuna atakayemgusa ila mimi. Mbwa akashinda na mnyororo shingoni asubuhi hadi alasiri, na mwenyewe akirudi kutoka dukani humfungua akazunguka uwanja wa mbele. Mke na mtoto wakatumia mlango wa jikoni na kijia cha nyuma, kupitia migombani.

Siku moja Subilaga alipeleka kipande cha ugali karibu na banda. Baba yake akamwona, akaupiga ule mkono.

"Baba, alikuwa anatingisha mkia," mtoto akasema.

"Ndiyo maana nimekupiga," baba akajibu. "Sitaki atingishe."

Mke akajaribu na yeye. Akasema, "Baba Subi, mdogo wangu hatakuja tena. Amesema safari iliyopita alisimama nje na mtoto mgongoni, mvua inamnyeshea, mpaka ulipoamka."

"Akija apige simu kwanza."

Hakupiga simu, na hakuja. Hakuna aliyegombana na yule mtu, ndugu zangu, ninyi mnajua mambo haya yanavyokwenda. Jumuiya iliyokuwa ikisali nyumbani kwake ikahamishiwa nyumba ya pili, kwa adabu, kwa muda tu. Mjumbe wa nyumba kumi akawa anamfuata dukani. Wazee wa kanisa walikuja mara moja, wakaombea familia wakiwa wameshika geti, huku Hapiti anabweka juu ya sala yao, wakasema amina wakaondoka.

Subilaga alipewa paka na bibi yake. Paka mzuri, wa kijivu, aliyezoea kulala kwenye kikapu cha nguo, na mama Subilaga alimfundisha mtoto kumtunza: maji safi kila asubuhi, dagaa kidogo, na chanjo yake kama ya mbwa. Panya wakaisha ghalani. Mwaka wa pili, wakati wa masika, paka akateleza akaingia uwanja wa mbele. Mtoto alisikia, hakuona. Baba yake alimzika yule paka mwenyewe, akarudi ndani ananawa mikono, akasema, "Anafanya kazi yake." Subilaga hakulia mbele yake. Alikwenda akakitoa kikapu, akapanda kiti, akakiweka juu ya kabati ambako mkono wake haufiki.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwizi hakuja. Hilo nalo niseme ukweli, hakuja hata mmoja.

Basi, Jumamosi moja alasiri, mke na mtoto wakiwa sokoni, yule mtu alirudi kutoka dukani, akainama, akamfungua mbwa mnyororo. Alipoinuka, upande wake wa kulia ukakataa kuinuka naye. Akaanguka hapo uwanjani, juu ya changarawe, kati ya banda na mlango. Kiharusi. Akili ilikuwa nzima, macho yalikuwa yanaona. Ila mkono, mguu na ulimi havikumsikia tena.

Mpita njia akamwona kupitia nondo za geti, akaita watu. Baada ya muda mfupi walikuwa kumi na tano, miongoni mwao fundi seremala, muuguzi mstaafu, na vijana wawili wa bodaboda ambao pikipiki zao zilikuwa tayari zinaunguruma. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa. Muuguzi alishika geti akasema, "Huyu asicheleweshwe. Kila dakika ina maana."

Fundi akaweka mguu ili aruke geti. Hapiti akaja.

Sasa nisikilizeni. Yule mbwa hakuwa na kichaa. Alikuwa amelala kando ya bwana wake, anamlamba mdomo, analia kama mtoto. Kila mkono ulipogusa geti aliinuka, akalifuata geti kwa meno, kisha akarudi kulala palepale, kichwa juu ya kifua. Wakamtupia nyama. Akainusa, hakuila, maana alifundishwa kutokula ila kutoka mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umelala kwenye changarawe, haufunguki.

Mke akafika mbio, kanga imedondoka. Akapita jikoni, akafungua mlango wa mbele kidogo. Mbwa akamjia, akauma ubao wa mlango. Akaufunga, akazunguka tena hadi getini, akapiga magoti pale nje.

"Baba Subi," akasema. "Mwambie alale. Mwambie tu alale."

Watu wote walimwona yule mtu akifungua mdomo. Walimwona akijaribu. Kilichotoka ni sauti kama ya mtu anayeota, na Hapiti aliposikia ile sauti akadhani anaitiwa adui, akainuka kwa nguvu mpya.

Walitupa mawe. Walichomeka miti kupitia nondo. Mmoja akapanda pikipiki kwenda bondeni kumwita mzee mwenye bunduki ya kufukuzia nguruwe mashambani, na mzee huyo alikuwa shambani, akatafutwa. Muda wa saa mbili na nusu, ndugu zangu. Kwa saa mbili na nusu watu waliompenda walisimama hatua kumi kutoka kwake, wenye nguvu, wenye ujuzi, wenye usafiri. Mzee alipofika, mbwa alipigwa risasi hali amelala kifuani pa bwana wake ametulia, na bwana wake akaona.

Mtasema sasa kwamba alikufa. Hapana. Angekufa, nadhani ningekuwa na mfano mwepesi zaidi wa kuwapa. Alipona kwa kadiri ya kupona. Upande mmoja haukurudi, na maneno hayakurudi ila mawili au matatu. Mkewe akauza duka. Banda likavunjwa, geti likang'olewa, akabaki mtu kwenye kiti, mlangoni pake, uwanja uko wazi hadi barabarani.

Na watu hawakuja.

Wiki ya kwanza walikuja, na sukari na sabuni. Wiki ya tatu wakapungua. Kufikia mavuno hakuna aliyekuja. Mbwa hayupo, mnyororo haupo, geti halipo. Hakuna aliyemchukia. Miguu ilikuwa imeshazoea kupita, basi. Miaka mitatu mtu akipita nyumba bila kuingia, njia ya kuingia inapotea miguuni mwake, hata ukiifagia kila siku. Mtoto wa yule mtu humwona baba yake akitazama kila anayekuja kutoka mbali, akimtazama mpaka apite, kisha akageukia wa nyuma yake.

Sasa nasema nasi. Kama unataka mbwa au paka nyumbani, msikilize yule mama: chagua mtulivu, usimtoe kwa mama yake mapema, mchanje, mpe maji safi, mfungue atembee, mwache ajue mikono mingi. Mnyama si silaha. Ukimfundisha hofu yako, ataishika kwa uaminifu wote, hata siku utakapotaka kumnyang'anya. Hilo ni la wenye mbwa. Lakini kuna wengine hapa hatuna mbwa, na bado hakuna aliyevuka kizingiti chetu tangu mwaka juzi. Tulimfundisha nani kubweka? Mke? Ukimya wetu? Uso?

Na ninyi mliosimama nje, ninyi wa nyama na mawe, mnadhani mfano huu unawaachia? Risasi ilipolia kazi yenu ndiyo ilianza, nanyi mkadhani imekwisha. Tunajua kukusanyika mtu anapoanguka. Wiki ya tano tuko wapi?

Najua kila mmoja wenu ameshamkumbuka mtu mmoja, jina lake limekuja lenyewe nilipokuwa nasema. Naona mnavyoinamisha macho. Sitawaombea hilo jina litoke, wala sitawaambia kwamba ukienda leo utapokewa vizuri, maana huenda umechelewa na atakutazama tu.

Mimi pia ninaye. Nimemkumbuka tangu Alhamisi, nilipoanza kuandaa neno hili. Nyumba yake naipita ninapokuja hapa. Leo asubuhi nimeipita.