Paka Aliyetolewa Motoni

"Nani anamwaga maji?"

Mjane mmoja wa Misri ya kale aliuliza hivyo nyumba yake ikiungua, na hakuna aliyekuwa akimwaga. Wote walikuwa wanalinda paka. Mungu wao, Basti, alikuwa na kichwa cha paka, na waliamini paka akiona moto hujirusha ndani. Kwa hiyo moto ukizuka, majirani husimama bega kwa bega kuzuia paka. Nyumba ijitegemee.

Mjane huyo alikuwa na mabinti watatu. Nebeti alijaliwa masikio, Henuti pumzi ya mpiga mbizi, Tameri mikono ya mkunga.

Paka wao, mwenye mimba, akapenya kati ya miguu ya mjomba wao Pashedu, akazama motoni.

Nebeti akawanyamazisha watu, akasikiliza. "Hayuko mlangoni. Yuko nyuma ya mtungi wa nafaka."

Henuti akavuta pumzi, akaingia. Akatoka mikono imebabuka, amembeba paka. Paka hapumui.

Jirani akaanza kutafuta wembe, maana paka akifa, wenye nyumba hunyoa nyusi kumwomboleza. "Uweke huo wembe," akasema Tameri. Akampuliza paka puani, akamsugua kifua, akampuliza tena, mpaka paka akapiga chafya.

Nyumba ikateketea yote.

Asubuhi akaja kuhani. "Basti amefurahi. Msichana mmoja ataishi hekaluni, atatunza paka na kufundishwa kusoma. Mmoja tu." Waliobaki wangehamia kwa mjomba, kumsagia nafaka mpaka awaoze.

"Mimi nililinda tangu mwanzo," mjomba akadai.

"Mjomba, si paka alipita miguuni pako?" akauliza Nebeti.

"Nilimpisha kwa heshima."

"Nimesema msichana," kuhani akamkumbusha.

Henuti akaonyesha mikono yake. "Nani mwingine ameungua hapa?"

"Ungeungua bure, dada," akasema Nebeti. "Bila mimi ungemtafutia mlangoni."

Tameri akacheka kidogo. "Nyie mliniletea maiti."

Sasa msinijie na lile jibu la kwamba mkubwa apewe kwa sababu ni mkubwa. Ukubwa haukuingia motoni. Wala msiseme wapokezane. Kuhani kasema mmoja, na kuhani amesimama pale, anangoja.

Ungekuwa wewe kuhani, ungemchukua nani? Tafadhali nitajie jina moja, kisha uniambie wale wawili utawaeleza nini wakiondoka kwenda kwa mjomba.