Chombo cha Angani cha Hafidhi

Njia ya mwongo ni fupi, na anayedhani kompyuta itamrefushia ajifunze kwa Hafidhi.

Mwaka 2004, Hafidhi, fundi wa picha za kompyuta mjini Moshi, aliingia shindano la katuni ambalo mshindi wake angepelekwa Dar es Salaam kuisomea kazi hiyo bure. Waliotimiza miaka ishirini na mitano hawakupokelewa, naye alibakiza mwezi mmoja. Akikosa safari hii, ndiyo basi.

Alichora Kilimanjaro alfajiri, theluji iking'aa na migomba ya Marangu ikipepea chini. Kilikosekana chombo cha angani cha kutua kileleni. Akaenda kwenye duka la intaneti la Raya, akapakua kielelezo cha chombo, kilichotolewa bure na mafundi wa ng'ambo. Mtandao ulijikokota kama kinyonga, akashinda pale kutwa. Masharti ya shindano yaliruhusu kuazima, mradi waundaji watajwe. Lakini Hafidhi aliyafuta majina yao kwenye diski yake, akaandika mwishoni mwa katuni: "Chombo kimeundwa na Hafidhi."

"Kaka, si uwataje tu?" Raya alimwuliza. "Wala hawadai kitu."

"Dada Raya, wako ng'ambo huko! Nani atawajua hapa Moshi?"

Siku ya shindano ukumbi ulifurika, na diski zote zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa. Alitangulia Dominika, binti wa Kwa Sadala. Kwenye pazia, chombo kikashuka juu ya soko la kwao. Hafidhi alitoa macho. Miguu mitatu ileile, mabawa yaleyale!

"Shikamooni," Dominika alisema. "Chombo hiki si changu. Nimekikuta kwa dada Raya. Mtandao wetu mnaujua, kwa hiyo kila kinachopakuliwa dukani kwake yeye hukitunza ili mwingine asishinde akisubiri. Waliokiunda ni hawa." Akayasoma majina, moja baada ya jingine.

Zikafuata za wengine, na ya mwisho ikawa katuni ya Hafidhi. Mlima ulipotokea, watu walishangilia hadi madirisha yakatetemeka. Kisha kikatua chombo kilekile, na maandishi yakajitokeza. Ukumbi mzima ukashika mdomo.

"Kijana, umekiunda wewe?" aliuliza Mzee Elimringi, mwamuzi mkuu.

"Shikamoo mzee. Mimi... hapana, mzee."

Mzee alivua miwani. Yeye mwenyewe alionekana kama aliyepigwa kofi.

"Chombo hatukukipa hata alama moja, kwa mtu yeyote. Tulipima mchoro na mwendo. Mlima wako umewashinda wote, mwanangu. Jina lako nilikuwa nimeshaliandika hapa kama mshindi."

Akalikata Hafidhi akiona, akaandika la Dominika.

Hafidhi aliduwaa, asijue alie au akimbie. Kumbe uongo ule hata hakuuhitaji! Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikuvuka hata mlango wa ukumbi.