Diski ya Buluu Kwenye Nyasi za Bondeni

Kisa hiki nimetumiwa na mtu niliyesoma naye, naye alikipata kwa mwingine. Jina la chuo halikutajwa, na si kitu. Kisome polepole, kisha mpelekee yule unayependa kushindana naye.

Katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kule ambako wanafunzi huenda darasani asubuhi wamejitanda mashuka kwa baridi, ulikuwapo mchezo ambao kila mgeni aliuulizia. Ni gofu, lakini haina fimbo wala kipira. Mchezaji hurusha diski ya plastiki, bapa kama kisahani, kuelekea kikapu cha chuma kilichosimikwa juu ya nguzo na kuning'inizwa minyororo. Anayefika kikapuni kwa mirusho michache kuliko mwenzake ndiye mshindi.

Vikapu vilikuwa vimetapakaa eneo zima la chuo. Kimoja nyuma ya maktaba, kingine jirani na bweni la wasichana, kingine kwenye mteremko wenye mikaratusi. Wachezaji walisubiri wanafunzi waliobeba sahani za wali wapite, kisha mmoja akapaza sauti, "Jamani, tunarusha!"

Mchezo uliletwa chuoni na mhadhiri wa jiografia, Madam Mligo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na subira nyingi.

Miongoni mwa wanafunzi wake, wawili walikuwa mbele ya wengine wote. Wa kwanza ni Nkwabi, kijana mrefu wa Shinyanga, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Wa pili ni Atupele, binti wa Tukuyu, mwaka wa pili. Nkwabi ndiye aliyemfundisha Atupele kurusha. Jioni baada ya vipindi alikuwa akisimama pembeni yake na kumwambia, "Usiitupe kwa hasira, mdogo wangu. Iachie tu, itakwenda yenyewe." Atupele alishika mafunzo hayo vizuri, mpaka ikawa hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani kati yao ni bora.

Ndipo ukaja mwaliko wa bonanza la vyuo jijini Mwanza. Timu ingekuwa ya watu wanne, na nahodha ndiye angefungua mashindano mbele ya watu wote.

Nkwabi alitamani sana nafasi hiyo. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na Mwanza si mbali na kwao. Mama yake, ambaye alikuwa hajawahi kumwona akicheza, angeweza kuja. Atupele naye aliitamani. Katika chuo kile hakuna msichana aliyewahi kuwa nahodha wa timu yenye wavulana ndani yake.

"Chezeni," alisema Madam Mligo. "Atakayeshinda ndiye nahodha."

Wakacheza Jumamosi, na watu wengi wakajitokeza kuangalia. Kikapu baada ya kikapu walikuwa sawa. Walipofika kikapu cha mwisho, kilichokuwa ng'ambo ya bonde dogo lenye nyasi ndefu, bado walikuwa sawa.

Atupele alirusha kwanza. Diski yake ikavuka bonde na kutua karibu na kikapu. Watu wakapiga makofi.

Nkwabi naye akarusha. Diski ilitoka vizuri mkononi, lakini upepo uliinuka ghafla kutoka upande wa mikaratusi, ukaikamata na kuizamisha bondeni. Ikapotelea nyasini.

Sheria ya mchezo ni kwamba diski ikipotea, wachezaji wote huingia kuitafuta, mpinzani pamoja na mwenyewe, kwa dakika tatu. Isipoonekana, mwenyewe huongezewa mrusho mmoja, kisha hurudia.

Madam Mligo alitazama saa yake. Nkwabi na Atupele wakashuka bondeni, kila mmoja upande wake, wakifunua nyasi kwa mikono.

Haukupita muda mrefu, Atupele akaona kitu cha buluu kando ya kiatu chake. Ulikuwa ukingo tu, sehemu nyingine yote ilikuwa chini ya nyasi. Diski ya Nkwabi ilikuwa ya buluu.

Alisimama. Alimtazama Nkwabi, aliyekuwa ameinama mbali kidogo, amempa mgongo.

Kisha akasogea mbele taratibu, akaendelea kufunua nyasi mahali ambapo alijua hapana kitu.

"Huko vipi, Atupele?" aliuliza Nkwabi.

"Huku hakuna, kaka."

Dakika zikaisha. Nkwabi akaongezewa mrusho, akarudi juu, akarusha diski nyingine, na mwishowe akapitwa kwa mrusho huo huo mmoja. Marafiki wa Atupele wakambeba juu juu. Nkwabi alisubiri watulie, akaja na kumpa mkono.

"Umerusha vizuri, mdogo wangu," alisema. "Kweli umerusha vizuri."

Atupele akamshukuru huku anatazama kwingine.

Jioni, watu walipokwenda kula, alirudi bondeni peke yake. Alitaka kuichukua ile diski kabla mtu mwingine hajaiona. Kuhusu kumrudishia Nkwabi, hakuwa ameamua. Alipafahamu mahali penyewe, akainama, akaivuta.

Haikuwa ya Nkwabi.

Ilikuwa diski kuukuu, imepasuka ukingo, imejaa udongo mgumu upande wa chini. Palikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, karibu limefutika, jina la mtu ambaye hakumfahamu kabisa. Bila shaka alikuwa mwanafunzi wa zamani aliyeipoteza wakati wa mvua za mwaka mwingine. Atupele akatafuta huku na huko mpaka giza likakaribia. Diski ya Nkwabi hakuiona.

Akaketi palepale nyasini, akacheka peke yake. Kumbe hakumdhulumu mtu! Diski ya Nkwabi ilipotea kweli. Mrusho alioongezewa ulikuwa wa haki. Unahodha ni wake, tena wa halali.

Alikwenda kula kwa furaha. Akasimuliana na wenzake, akalala.

Kesho yake aliamka furaha haipo. Alijaribu kuirudisha kwa kujikumbusha ile diski kuukuu ilivyokuwa, lakini kila alipoikumbuka, alichokiona ni kiatu chake kikiisogelea na kuipita. Wakati ule, hakujua kwamba si ya Nkwabi.

Jumatatu alibisha hodi ofisini kwa Madam Mligo.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, nahodha. Karibu ukae."

Hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, hakuficha kitu, akaiweka ile diski mezani. Madam Mligo aliigeuzageuza.

"Sasa mbona sielewi unataka nifanye nini," alisema. "Hii si ya Nkwabi. Nikitazama sheria, hakuna lililoharibika."

"Ndiyo, Madam. Lakini mimi nilidhani ni yake."

Mama yule akairudisha diski mezani. Kisha akasema, "Hapo sheria yangu haifiki. Mwenye neno ni Nkwabi."

Atupele alimkuta Nkwabi kwenye ngazi za maktaba. Alimweleza kama alivyomweleza Madam. Nkwabi alisikiliza, uso wake ukabadilika taratibu.

"Ingekuwa yangu, ungeniambia?" aliuliza.

"Leo, ndiyo. Siku ile, hapana. Nilishaamua kunyamaza."

"Lakini kwa sheria umenishinda."

"Niliiba, kaka. Nilitia mkono mfukoni mwako kukuibia, nikakuta si mfuko wako. Unahodha siwezi kuubeba. Naomba uuchukue."

Nkwabi akachukua begi lake, akashuka ngazi, akaondoka.

Habari zikaenea chuoni. Wengine walimcheka Atupele, wakasema amejitia kitanzi kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Wasichana aliokaa nao bwenini walimkasirikia zaidi, maana nao walikuwa wameusubiri unahodha ule. Madam Mligo akatangaza kwamba nahodha ni Nkwabi, na Atupele abaki kwenye timu.

Majuma yakapita. Nkwabi hakumsemesha. Mazoezini alimpa salamu kama mtu anavyompa jirani wa mbali, basi. Atupele hakulalamika. Alirusha peke yake kwenye kikapu cha nyuma ya maktaba, akaokota, akarusha tena.

Siku moja kabla ya safari, Madam Mligo aliwakusanya wachezaji wote chini ya varanda ya ukumbi, maana mvua ilikuwa inanyesha.

"Kule Mwanza," alisema, "nahodha atatembea na msaidizi mmoja. Huyo atamhesabia mirusho, na diski ikipotea atatangulia kuitafuta. Nkwabi, chagua unayemwamini."

Vijana wawili watatu wakasogea mbele. Walikuwa rafiki zake wa chumba kimoja, na kila mtu alijua atachukua mmoja wao.

"Nitakwenda na Atupele," alisema Nkwabi.

Hata Madam Mligo aliinua uso.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Madam." Akawageukia rafiki zake. "Msinielewe vibaya, nawapenda. Lakini ninyi sijui mngefanya nini peke yenu bondeni, na hata wenyewe hamjui. Huyu alishafika pale. Akaanguka, akarudi kuniambia wakati hakuna mtu yeyote duniani ambaye angemshika. Nikiwa nimempa mgongo, nataka awe yeye nyuma yangu."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya maktaba, alimtazama Atupele moja kwa moja.

"Upo tayari, mdogo wangu?"

Atupele akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka, na wenzake wakajifanya wanaangalia mvua.

Walikwenda Mwanza, wakacheza, wakarudi wakiwa wameshika nafasi ya tatu.

Funzo: Ubaya uliokusudia kumtendea mwenzako ni wako hata kama haukumfikia, na anayeukiri pale ambapo hakuna aliyemwona ndiye mtu wa kuaminiwa.