Kwa Nini Bandari ya Kalambwe Ina Uchochoro wa Maji

Hapo kale, katika bandari ya Kalambwe, hakukuwa na maji yaliyoachwa wazi. Watu wa ziwa hawakujenga nchi kavu. Kila familia iliishi katika mashua yake pana, yenye paa la matete na jiko la udongo, na kila mtu aliifunga alipopapenda. Ungeweza kuvuka bandari nzima kwa kurukaruka tu, bila kulowesha unyayo.

Mashua zilipozidi kuwa nyingi, viboko wakaanza kuzipindua. Kwanza ilipinduka ya mshona nyavu, kisha ya mjane mmoja. Ya tatu ilipopinduka, mtoto mchanga aliopolewa akiwa karibu kukata roho. Baraza la bandari likakaa, na wengi wakataka mikuki inolewe.

Ntibonela, msusi wa mikeka, alikuwa na swali lililomnyima raha. Mashua zote zilizopinduliwa zilikuwa zimefuatana katika mstari mmoja kuelekea ufukweni. Kwa nini hizo tu? Asubuhi alishuka nchi kavu akaenda hadi malishoni kwa viboko, akaona majani yamelazwa na ardhi imechimbika kama mtaro, imelainishwa na matumbo ya viboko wa miaka na miaka. Akaufuata mtaro ule kurudi ziwani. Ulikomea ufukweni, mbele ya mlango wa mashua yake mwenyewe.

Mahali pale penye kivuli palichaguliwa na marehemu mumewe, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameuona mtaro. Angeweza kunyamaza.

Jioni alisimama mbele ya baraza. "Hawatushambulii," alisema. "Wanakwenda malishoni, na sisi tumeziba njia."

Mzee Bitulo, mkuu wa baraza, akamuuliza ni mashua ya nani iliyoziba.

"Ya kwanza kutoka ufukweni ni yangu, baba."

Baraza likaamua njia ile iachwe wazi, upana wa mashua mbili zikipishana, na asifunge mtu chombo humo, awe mwenyeji au mgeni. Ntibonela akafungua kamba yake kabla ya wengine, akahamia pembeni, penye jua kali. Kulipopambazuka, watu walitazama kutoka milangoni mwao. Kiboko jike na mtoto wake walitoka malishoni, wakapita katikati bila kugusa hata ubao mmoja.

Na tangu siku hiyo, mashua za Kalambwe hufungwa katika safu mbili, na kati yake maji hubaki matupu. Mgeni akitia nanga humo, hata watoto humwambia asogee. Akiuliza kwa nini, hupewa kigoda akae, atazame mwenyewe.