Kitabu cha Vita na Maji ya Ndiva

"Ndugu zangu si jeshi," alisema Nakijwa. "Kifunge hicho kitabu."

"Wanaiba maji," alijibu mumewe, Kangalu. "Mwizi wa maji ni adui, na kitabu hiki kinajua namna ya kumshinda adui."

"Kingekuwa kinajua, yule Mjerumani mwenye nacho asingekufa kwa homa njiani, na chenyewe kisingeishia darini kwa mama mkwe wangu kutagiwa mayai na kuku."

Kangalu hakucheka. Alifungua ukurasa mwingine.

Kitabu hicho kilikuwa cha afisa mmoja wa Kijerumani, wa siku za vita kuu ya kwanza. Babu wa babu yake Kangalu alikuwa mpagazi wake, na kila jioni alimwona amekiinamia kando ya moto. Afisa alipokufa, mpagazi alirudi nacho nyumbani milimani. Jalada lake la ngozi lilikuwa limefifia, na kilinuka moshi na mvua za zamani. Maneno yake hakuna aliyeyajua, lakini michoro ilisomeka: vilima, mito, mishale, na watu wadogo waliopangwa mistari, bunduki begani, bila nyuso.

Kangalu aliitazama michoro hiyo hadi ikamfuata usingizini. Aliwaona wale watu wadogo wakishuka kutoka kwenye karatasi, wakipita juu ya blanketi lake kimya kama ukungu, wakingoja awape amri.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka kwenye mifereji, leo kwa mashamba ya kijiji cha juu, kesho kwa ya kijiji cha chini. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Watu wa juu waliona mfereji wa chini una maji hata siku isiyo zamu yake. Watu wa chini, ndugu zake Nakijwa, waliitwa wajieleze. Wakakana. Wakatukanana, na tangu hapo hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Ndani ya kitabu palikuwa na mchoro wa mto uliozibwa, na chini yake watu wamelala chali. Kangalu aliuelewa hivi: zuia maji, na adui atakuja amepiga magoti. Akauziba mlango wa ndiva kwa mawe na udongo, akaweka walinzi kilimani kama kwenye mchoro. Mahindi ya chini yakaanza kujikunja majani. Maharage ya juu nayo yakasinyaa, maana mlango ulikuwa mmoja. Kangalu aliwaambia majirani zake wavumilie, vita ndivyo vilivyo.

Ila kuna jambo ambalo mchoro haukulijua. Ndiva si mto. Ni ukuta wa udongo, na ukuta wa udongo hupumzishwa kila asubuhi kwa kufunguliwa maji.

Alfajiri moja Nakijwa alikwenda kuchota maji, akakuta ukuta unatoka jasho. Kisha akaona ufa, mwembamba kama uzi. Akakimbia kumwamsha mumewe. Walinzi walijaribu kuyang'oa mawe ya mlangoni, lakini yalikuwa yameshikana. Ukuta ukipasuka, maji yote yangeondoka na udongo wa mashamba ya pande zote mbili, na kiangazi kingewakuta mikono mitupu.

Kangalu akakimbilia kitabu chake. Alikipekua mbele na nyuma. Mishale, vilima, watu bila nyuso. Hakukuwa na mchoro wa mtu anayeziba ufa.

Nakijwa hakumngoja. Alitungua baragumu la msimamizi ukutani mwa nyumba, ambalo mwanamke hakuwahi kulishika, akalipuliza. Huko milimani baragumu la alfajiri ni wito wa msaragambo, kazi ya wote. Kila nyumba hutoa mtu na jembe, hata kama jana mligombana.

"Umewaita waje watumalize," alisema Kangalu.

Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Ndani yake ikatokea mistari ya watu, wanapanda kimya, kila mmoja na kitu kirefu begani. Kangalu akarudi nyuma hatua mbili. Ni wale wa kitabuni, aliwaza. Wametoka kwenye karatasi, na safari hii wananijia mimi.

Wakakaribia. Ukungu ukawaachia mmoja mmoja, na kila aliyetoka alikuwa na uso. Yule ni fundi aliyemshonea suti ya harusi. Yule ni mama aliyempokea mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Mbele kabisa ni Mrindoko, kaka yake Nakijwa, midomo imekauka, jembe begani.

Mrindoko hakusalimia. Aliuliza tu kazi iko wapi.

Walifanya kazi bila maneno mengi, wa juu na wa chini, hadi jua likapanda. Mlango ukafunguka, maji yakashuka, ukuta ukasimama. Walipochimba penye ufa ili waushindilie upya, wakakuta tundu la fuko. Lilikuwa la siku nyingi, na lilivujisha maji kimya kimya hadi kwenye mfereji wa chini.

"Mwizi wako huyu hapa, shemeji," alisema Mrindoko. "Mpangie walinzi."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kangalu naye akacheka, huku machozi yanamtoka.

Mchana Nakijwa aliwapikia makande. Baada ya kula, Mrindoko alikichukua kile kitabu, akakifunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta jamaa yake kwenye picha. Kisha akainuka kuaga.

Nawe msomaji, ukimaliza kusoma, mpelekee hadithi hii yule ambaye siku hizi hamsalimiani.

Funzo: Kabla hujamwita mtu adui, msogelee hadi uuone uso wake. Mrindoko aliyasema hayo kwa namna yake, amesimama mlangoni, mguu mmoja nje, akimrudishia Kangalu kitabu: "Hawa hawana nyuso, shemeji. Ndiyo maana ni rahisi kupigana nao."