Mtumbwi Mwepesi wa Bwana Lugoye

Nimesafiri nchi nyingi, lakini mtumbwi mkuukuu niliobadilishana na pikipiki yangu huko Ukerewe ulinizamisha hapo hapo mwaloni, penye gati la wavuvi, wauza dagaa wakinipigia makofi. Niliusifu wepesi na rangi mpya, nikasahau kuukagua chini.

Nilipouvuta mtumbwi hadi nchi kavu, Bwana Lugoye, tajiri aliyenibadilishia, alikataa kurudisha pikipiki.

"Mtumbwi mzima huo. Wewe ndiye hujui kukaa."

Shemeji yangu Nyabise akamuunga mkono. "Kweli kabisa, Bwana Lugoye. Huyu shemeji ni mzigo. Hebu mwonyeshe. Ukifika kwenye jiwe lile, nakuongezea mbuzi wangu huyu."

Lugoye aliyatazama maji, akamtazama mbuzi. Akavua viatu na saa, akatoa simu na ufunguo wa pikipiki.

"Nishikie, mama, visilowe."

"Lete, baba."

Kabla hajafika nusu ya njia, mtumbwi ulikwenda chini, naye akabaki juu anaogelea. Nyabise akavipanga vitu vyake vizuri mchangani, kisha akanipa mimi ufunguo.

"Wezi! Mtumbwi ulikuwa mzima!" alifoka Lugoye.

"Ungekuwa mzima," Nyabise alimjibu, "usingevua viatu."