Pikapu Iliyokunywa Oili

"Inywayo oili haina kiu, ina kidonda."

Mmelisikia neno hilo, mkaniuliza oili na kidonda wapi na wapi. Kaeni basi. Neno hili lina watu wake na barabara yake, na ninalisimulia lote bila kuficha, kwa sababu ninyi ndio mnaoanza kununua magari, kuoa na kuolewa, na roho yangu haitulii nikiwatazama.

Kiwira, chini ya mlima wa kupandia Uyole, alikaa Sekela na mumewe Ambakisye. Sekela aliolewa kwa ugomvi. Baba yake, Mzee Mwaipungu, alimwona Ambakisye akija kuposa na viatu vya kuazima, akasema, "Huyu atakulisha nini, upepo?" Sekela akamfuata Ambakisye hivyo hivyo, bila radhi. Tangu hapo baba na binti hawakusemezana. Sekela alikuwa akimpelekea mzee sukari na ndizi kwa mkono wa watu wanaopanda basi la Uyole. Mzee alipokea, neno hakurudisha.

Sekela alitaka kitu kimoja tu duniani. Kwa Wanyakyusa, mzee aliyekasirika huchukua funda la maji, akayatema chini mbele ya mwanawe, akasema hasira yake yote mpaka iishe. Maji yakishatemwa, hakuna kinyongo tena. Hayo maji ndiyo Sekela aliyoyataka, kabla baba hajaingia kaburini.

"Twende kwa baba," alimwambia mumewe mara nyingi.

"Tutakwenda, Mama Lusako. Lakini siingii ukweni kwa miguu. Siku nitakayoingia pale, nitaingia na gari."

Akahangaika na biashara ya ndizi mpaka akapata pikapu iliyokwisha kutumika na wengine. Kwa rangi ilikuwa inang'aa. Lakini ikiwashwa asubuhi, uwanja wote ulijaa moshi wa buluu, kuku wanakimbia. Fundi aliisikiliza, akamwambia, "Tushushe injini, kaka. Ring za pistoni zimechoka, oili inapanda juu inaungua."

"Gari langu lina kiu tu," akajibu Ambakisye, "kama mwenyewe."

Akaweka galoni ya oili nyuma ya kiti. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia, akakikuta kikavu, akaongeza, akafunika boneti. Abiria wakamtania, "Baba Lusako, hili gari lako ni mlevi!" Naye akasema, "Mlevi, lakini kila siku analala kwake." Watu wakacheka, safari ikaendelea. Taa nyekundu ya oili ilipoanza kuwaka na kuwatia watu hofu, akaibandikia stika ya maua.

Siku moja jirani yao, Mama Tusajigwe, alikuja na kopo. Mnajua wenyewe, nguzo za nyumba hupakwa oili chafu ili mchwa wasizile, na mwenye gari ndiye anayeombwa.

"Shemeji, nigawie oili chafu kidogo."

"Sina. Hili gari silimwagi oili."

"Humwagi? Kila mwenye gari hapa anamwaga chafu anatia safi. Wewe unatia tu kila siku. Sasa inakwenda wapi?"

Ambakisye akacheka, akasema gari lake halijui uchafu. Sekela alikuwa pembeni anamenya ndizi. Swali lile lilimchoma. Akataka kulirudia, kisha akaendelea kumenya. Aliogopa injini ikishushwa, safari ya kwa baba itasogezwa mbele tena.

Ndipo simu ikaja. Alikuwa Lugano, kaka yake wa Uyole.

"Dada, baba amezidiwa. Anakutaja wewe. Ameomba kikombe cha maji, amekiweka kando ya kitanda. Njoo sasa hivi."

Sekela hakubadili hata kanga. Alikimbilia stendi, akakuta basi linaunguruma, utingo anaita, "Uyole, Uyole, nafasi moja!" Mguu mmoja ulikwisha kukanyaga ngazi Ambakisye alipofika na pikapu, akamshika mkono.

"Mama Lusako! Mke wa mwenye gari anapanda basi kwenda kwa baba yake? Leo ndiyo siku yenyewe. Ngoja nipakie mbuzi na ndizi, tuingie kama watu."

"Baba Lusako, baba anakufa."

"Tutalipita hilo basi kabla ya Isyonje."

Sekela akashuka. Basi likaondoka.

Pikapu ilianza mlima ikiguna, na mbuzi nyuma analia. Haikupita muda, harufu ya kuungua ikaingia ndani.

"Simama tupime oili."

"Nikisimama mlimani halitaondoka. Nilitia jana."

Sekela alinyoosha mkono, akabandua ile stika. Taa ilikuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa.

"Hii inawaka tangu lini?"

Ambakisye akazidi kukanyaga mafuta. Injini ndiyo iliyojibu. Ilianza kugonga ndani, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayevunja mlango, kisha ikakata mara moja. Gari likaserereka nyuma, akalizuia kwa breki. Akageuza ufunguo, kimya. Akaruka nje, akafungua boneti huku moshi unamfunika, akachukua galoni na kuimimina yote.

Sekela alisimama kando ya barabara akimtazama. "Mume wangu," akasema taratibu, "unamnywesha maiti."

Magari yalipita yamejaa. Hatimaye lori la viazi likasimama, Sekela akapandishwa juu ya magunia, peke yake. Alipofika Uyole hakuhitaji kuuliza. Kilio alikisikia tangu barabarani.

Lugano alimpokea mlangoni. Mkononi alikuwa na kikombe, kitupu.

"Alikungoja, dada. Kila gari likilia nje, alisema, 'Ndiye huyo,' akachukua funda, akaliweka kinywani akutemee. Gari likipita, analimeza. Likija lingine, funda lingine. Mpaka yakaisha."

Sekela alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Hakulia kwa sauti. Waliokuwepo wanasema afadhali angelia.

Ambakisye alifika kesho yake, kwa basi. Matangani akakaa na wanaume, na kwa aibu akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. "Gari lile lilikuwa zima, ndugu zangu. Tatizo lilikuwa kiu tu. Linakunywa oili, mimi naongeza, linakwenda. Sijui jana limepatwa na nini."

Wanawake walikuwa upande wa pili. Sekela hakuinua kichwa.

"Baba Lusako," akasema. "Inywayo oili haina kiu. Ina kidonda."

Ambakisye alifunika uso kwa kofia yake.

Baadaye kidogo Sekela akaongeza, kama anayejisemea mwenyewe, "Na mimi nilikuwa namletea baba sukari. Miaka yote, sukari. Kwani baba alikuwa na njaa ya sukari?"

Basi wanawake waliotoka matangani waliondoka na neno lile la oili, wakalipeleka Tukuyu, wakalipeleka Mbeya. Leo linasemwa kwa mume anayemnunulia mkewe kitenge kipya kila anapomkosea, na kwa mtoto anayetulizwa na hela asiulizwe anazipeleka wapi. Linasemwa hata kwa mtu anayemeza dawa za maumivu kila siku na hospitali hataki kuisikia. Watu hao hawakosi wa kuwaongezea. Wanakosa wa kuwauliza: sasa inakwenda wapi?

Ulizeni mapema, wanangu, basi likiwa bado stendi. Inywayo oili haina kiu, ina kidonda.